Mumeo akiwa mtu wa redio, na wewe kachukue leseni yako

Wiki iliyopita nimepiga mazungumzo yangu marefu kabisa ya Morse, zile herufi zinazotumwa redioni kwa milio mifupi na mirefu, karibu nusu saa bila kufungua mdomo, na jamaa mmoja yuko Nova Scotia kule Kanada. Nikaweka picha ya daftari langu kwenye statasi na tangu hapo inboksi imejaa. Wengi ni akina dada wenzangu na swali ni lile lile, mume wangu naye ana kitu chake kinachomla jioni zote, wengine si redio, ni mpira au kuvua samaki, sasa nifanyeje? Nimeona nijibu mara moja kwa wote, na nitajibu kwa redio maana ndiyo ninayoijua.

Sisi tunakaa Columbus, Ohio. Mume wangu ni mtu wa Mombasa, amekulia nyumba ambayo babake halali mpaka azungushe redio ya masafa mafupi akamate BBC, Deutsche Welle, Cairo, nadhani ndipo yalipomwingia. Alipofika huku akagundua kumbe mtu wa kawaida anaruhusiwa kurusha mawimbi yake mwenyewe mpaka bara lingine, si kusikiliza tu, basi tena. Nyuma ya nyumba kuna waya wa kama mita 20 umefungwa mti huu mpaka mlingoti ule, hiyo ndiyo antena ya mita 40 (mita 40 ni urefu wa wimbi, si wa waya, na wimbi likiwa fupi masafa ndiyo makubwa), na chumba cha chini kuna meza ambayo haiwekwi kikombe. Usiku mimi niko juu na watoto yeye yuko chini, namsikia tu "CQ, CQ", yaani yeyote anayenisikia anijibu, inapita kwenye sakafu.

Kusema kweli sikuwa na kinyongo na redio. Kilichonisukuma ni kitu kingine na mpaka leo nikikikumbuka kinanichoma. Tulienda pamoja kwenye mkutano mmoja wa wapenzi wa redio, wengi wao watu wazuri tu, mzee mmoja akaja wakaanza stori za antena na mume wangu. Mimi nikauliza swali, tena swali la maana: kwa nini masafa yanayofika mbali mchana yanakufa usiku? Yule mzee akamjibu mume wangu. Mimi nimesimama pale pale hata hakunitazama, na alipomaliza akamwambia, "labda utamweleza mkeo nyumbani." Tulirudi kimya kwenye gari. Usiku huo huo nikafungua maswali ya mtihani wa leseni ya redio.

(Jibu nililitafuta mwenyewe. Juu huko angani kuna tabaka ambazo jua linazichaji. Jua likizama ile ya juu inadhoofika, masafa makubwa kama ya mita 10 yanapenya yanaenda zake badala ya kurudishwa chini. Ile tabaka ya chini inayomeza masafa madogo nayo inapotea, ndiyo maana mita 40 na 80 zinaamka usiku. Haya, ni mambo ya kuambiwa mtu usoni, si siri ya wanaume.)

Sasa mtihani wenyewe. Marekani leseni ya kwanza inaitwa Technician, maswali 35, ukipata 26 umepita, na maswali yote yanayoweza kutokea yamewekwa wazi uyasome kabla. Ada ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huku, ni dola 35, leseni inakaa miaka 10. Na hili nalisema kwa herufi kubwa kwa sababu wengi wetu huku tunaogopa kila fomu ya serikali: HUHITAJI KUWA RAIA. Ukishakuwa na anwani ya posta ya hapa na si mwakilishi wa serikali ya nje, unafanya. Usingoje karatasi zako zikamilike ndiyo uanze kuishi.

Nikapita, nikapewa koli-saini yangu, yaani jina la kuitwa hewani, yangu si yake. Hapo ndipo nikaja kujua kwamba leseni hiyo ya kwanza kwenye masafa mafupi inakupa kuongea kwa sauti kipande kidogo tu cha mita 10. Lakini ukijua Morse unafunguliwa vipande vya mita 80, 40 na 15 pia. Serikali yenyewe iliacha kumtahini mtu Morse tangu 2007, hakuna anayekulazimisha, mume wangu hakuijua na hakuwa na haja nayo, yeye ni mtu wa maiki. Nikasema basi huu ndio mlango wangu.

Na hapa ushauri wangu mkubwa kwenu: usiingie kwenye kitu cha mwenzio kama msaidizi wake. Tafuta kona ambayo yeye hajaifika, ushike hiyo.

Kujifunza kwenyewe sitawachosha. Nilitumia LCWO, tovuti ya kujifunza Morse, ni bure, inakufundisha kwa njia ya Koch, yaani unasikia herufi kwa kasi ya kweli tangu siku ya kwanza lakini unaanza na mbili tu, K na M, ukizishika vizuri inakuongezea moja. Usihesabu nukta na mistari kwenye karatasi, sikiliza mlio, dah ni mrefu na di ni mfupi, K ni dah-di-dah, imekwisha. Robo saa kila siku inatosha kuliko saa tatu za Jumapili. Zinazofuata ni U, R, E, na mimi nilivyochoka na mazoezi ya Kiingereza nikaanza kujiandikia maneno yetu kwa hizo hizo herufi tano: kuku, mke, mume. Nilikuwa naosha vyombo naimba mke na mume kwa di na dah, watoto wakaniona nimechanganyikiwa.

Na shoga zangu nao walisema yao. Ati mwanamke mzima anashinda na tii-tii-tii, ati nimemwiga mume nisimpoteze. Walisema na yakanifikia. Nimesamehe lakini nimeyaweka.

Kitu kilichonishika moyo ni hiki. Kuna mtandao wa vituo 18 duniani vinavyotuma alama kwa zamu ili watu wajue masafa yako wazi kuelekea wapi, kila kimoja kinapata sekunde 10 na mzunguko mzima ni dakika tatu. Kenya tunacho kimoja, kinaitwa 5Z4B. Jumamosi moja mchana mume wangu akaweka 21.150 megahetsi akaniambia vaa headfoni usubiri. Nilikuwa sijafika hata namba wala hiyo B kwenye masomo, na wanatuma kwa kasi. Ikapita Afrika Kusini halafu ikaja, hafifu, di-di-di-di-dit, dah-dah-di-dit, di-di-di-di-dah, dah-di-di-dit. Baada ya jina kinatuma milio mirefu minne, wa kwanza wati 100, wa pili 10, kisha moja, kisha sehemu ya kumi ya wati. Nilisikia miwili. Wa pili nilishika headfoni kwa mikono yote, wati 10 ni kama balbu ndogo ya varanda, imetoka Kenya imenifikia Ohio. Nilikaa pale nikangoja dakika tatu zingine, na zingine, chakula cha mchana siku hiyo kilipikwa na mume wangu.

Mazungumzo ya kwanza niliyafanya mita 40, juu kidogo ya 7.100 megahetsi, sehemu wanayokaa watu wa polepole. Niliita CQ mkono ukitetemeka, akanijibu mtu wa Tennessee kwa kasi ile ile yangu ya konokono. Huo ndio ustaarabu wa Morse, anayejua anashuka kwa asiyejua, hata siku moja hajakuuliza mbona wewe ni mwanamke kwa sababu haoni wala hasikii sauti yako, anasikia mkono wako tu. Nilipata jina lake, mji wake na 73 ya kuagana, hayo mengine yalinipita na sikujali. Nimegeuka mume wangu yuko mlangoni anapiga makofi.

Siku hizi yeye ndiye anayejifunza kwangu, amefika nusu ya herufi. Tukiwa kwenye sherehe ya watu na maneno yamekuwa marefu ananibinya kiganja, mrefu mmoja, kisha mfupi na mirefu miwili, yaani T na W, nikifika hapo nishajua ni "twende".

Kwa hiyo dada zangu acheni kukaa juu mkihesabu saa ambazo mtu yuko chini. Ndoa haitengenezwi na malalamiko, shuka ngazi, uliza, ukijibiwa vibaya soma mwenyewe. Lakini shuka na jina lako. Na usimfanye mume kuwa mwalimu wako wa Morse, mtagombana, acha programu ikusahihishe, yeye muulize mambo ya waya na antena. Nanyi waume mnaosoma hapa kimyakimya, mwachie kiti hicho.

Mlioko nyumbani, Kenya leseni inatoka Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko. Mimi bado sijapata mtu wa 5Z4, yaani Kenya, wala 5H, yaani Tanzania, kwa Morse na ninamtafuta sana. Jumamosi niko mita 15 kati ya 21.025 na 21.200, kuanzia saa sita mchana wa huku, majira ya joto ya huku, kwenu inakuwa saa moja jioni. Nitume polepole, nitakusikia.