Usiite close() mara tu baada ya kutuma jibu

Kwa ulivyoeleza, seva yako ya C kwenye Linux inakataa faili kubwa: inatuma jibu la kukataa, write() inarudisha idadi kamili ya baiti, kisha unaita close(). Mteja mara anapata jibu, mara anapata ECONNRESET (kosa la muunganisho kukatwa ghafla). Usiulaumu mtandao, kosa liko kwenye namna ya kufunga.

write() ikifanikiwa, maana yake kerneli (kiini cha Linux) imepokea baiti zako kwenye bafa ya kutuma (hifadhi ya muda), basi. Wakati huohuo mteja bado anapakia faili, na bafa yako ya kupokea ina baiti ambazo hujazisoma. Ukiita close() hapo, kerneli inatuma RST (pakiti ya kukata muunganisho ghafla) badala ya kumaliza kwa FIN ya kawaida (pakiti ya kusema "nimemaliza kutuma"). Hata bafa ikiwa tupu, data itakayofika baada ya close() itajibiwa kwa RST vilevile. RST ikimfikia mteja kabla programu yake haijasoma jibu, jibu linaweza kutupwa hata kama lilishafika kwenye mashine yake. Ndiyo maana hitilafu inakuja na kupotea: inategemea kipi kimewahi.

Ukishatuma jibu lote, funga hivi:

shutdown(fd, SHUT_WR);
while (muda_upo() && read(fd, buf, sizeof buf) > 0) ;
close(fd);

shutdown() inatuma FIN nyuma ya baiti zote zinazosubiri, ila kusoma bado unaweza. Unachosoma unakitupa, mpaka read() irudishe 0, yaani mteja naye amefunga upande wake. Muda lazima uuwekee mipaka miwili, la sivyo mteja mmoja mkorofi atakushikilia hapo. Seva ya wavuti ya nginx, usipobadilisha kitu, husubiri data kwa sekunde 5, na jumla isizidi 30. Anza na hizo. Ya kwanza weka kwa SO_RCVTIMEO, chaguo la soketi la kikomo cha kusubiri (muda ukiisha read() inarudisha -1 na kosa la EAGAIN), ya pili pima mwenyewe kwa CLOCK_MONOTONIC (saa isiyorudi nyuma) ndani ya muda_upo(), ambayo utaiandika wewe.

SO_LINGER (chaguo la soketi linaloamua close() ifanye nini na data ambayo haijatumwa) usiikimbilie. Ikiwa na sekunde 0 inatupa hata kilichobaki kwenye bafa ya kutuma na kupeleka RST, jambo lilelile unalolikimbia.

Kama unatumia fork() kuzaa mchakato mtoto, mzazi na mtoto kila mmoja afunge nakala ya fd asiyoihitaji. close() ya mmoja haitoi FIN hadi nakala ya mwisho ifungwe. Shutdown() haijali nakala.

Ulitaja pia mrundikano wa soketi zilizo katika hali ya CLOSE_WAIT; hilo ni suala jingine. Endesha ss -tnp state close-wait: kila mstari ni mteja aliyekwisha kufunga huku programu yako haijaita close(). Kerneli haina muda wa kuzimaliza, kwa hiyo kubadilisha mipangilio yake kwa sysctl hakutakusaidia. Kagua kila return ya njia za makosa. Usipoziba, utafika kikomo cha faili, mara nyingi 1024, na accept() itaanza kushindwa kwa EMFILE (faili zilizofunguliwa zimezidi).

Soketi za TIME_WAIT (zinazosubiri kidogo baada ya kufungwa) ziache, zinaisha zenyewe kwa sekunde 60. Mpangilio wa tcp_fin_timeout hauzigusi, huo ni wa FIN_WAIT_2 (hali ya kusubiri FIN ya upande wa pili). Bind() ikikataa kwa EADDRINUSE (anwani bado inatumika) ukiwasha seva upya, weka SO_REUSEADDR kabla yake.

Na close() ikirudisha EINTR (imekatizwa na signali) kwenye Linux, usirudie. Namba ile ya fd imeshaachiliwa, na thredi nyingine huenda imeshapewa kwa accept(). Ukirudia, unamkatia mteja ambaye hana habari.