Baiskeli ya kukatwa mshahara Uingereza: piga hesabu kabla ya kusaini

Ndugu yangu, umesema mwajiri wako hapo Leicester anakupa baiskeli ya pauni 1,000 kwa mpango wa Cycle to Work (mwajiri anakukodisha baiskeli na kukukata kwenye mshahara), ukatwe miezi 12, na unauliza kama unafuu ni wa kweli. Ni wa kweli. Unakatwa pauni 83.33 kwa mwezi kabla ya kodi. Kama unalipa kodi ya 20% na National Insurance (mchango wa bima ya taifa) ya 8%, mkononi zinapungua kama 60 tu. Helmeti, taa na kufuli viombe humo humo.

Ila chukua hati yako ya mshahara. Makato hayaruhusiwi kukushusha chini ya kima cha chini cha mshahara, na hapo ndipo wengi wanaolipwa kwa saa hukwama.

Miezi 12 ikiisha, baiskeli bado si yako, ulikuwa umeikodi. Ukiichukua wakati huo, mamlaka ya kodi huithamini kwa 25% ya bei, na hiyo ndiyo unayolipa ili iwe yako bila kodi ya ziada. Ukiendelea kuikodi hadi itimize miaka minne, ni 7%. Masharti haya yadai kwa maandishi. Ukiacha kazi katikati, deni lililobaki kwa kawaida hukatwa kwenye mshahara wa mwisho, bila nafuu ya kodi. Na kama unatarajia likizo ya uzazi, muone mhasibu kwanza, maana makato yanaweza kupunguza malipo yake.