Harage juu ya mtulinga, mwaka wa 9

Nilipotimiza miaka 5 tangu dripu ya mwisho ya kemo, nililitupa faili langu, tena kwa furaha. Nilishaambiwa limfoma ya Hodgkin, ile saratani ya tezi niliyotibiwa, ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya mwanzo, na hiyo nilishaivuka. Kliniki nikaanza kuipiga chenga, mwisho nikaacha kabisa.

Mwaka wa 9, nikiwa naoga, kidole kikagusa kitu juu ya mtulinga wa kushoto. Kama harage: kigumu kidogo, kinateleza, hakiumi hata nikikibonyeza. Kwa daktari nikasema tu nina kitezi, saratani sikuitaja. Nikapewa antibayotiki, harage likabaki palepale. Nikarudia dozi. Usiku jasho lililowesha shuka, nikasingizia joto, kumbe limfoma ilikuwa imerudi.

Kwa hiyo ukiingia kwa daktari yeyote, hata wa meno, anza na hilo: niliwahi kutibiwa limfoma. Na tezi ikivimba tena, isihukumiwe kwa skani peke yake. Kikatwe kinyama kipimwe. Kifua kikuu nacho huvimbisha tezi, na limfoma inayorudi huenda isiwe aina ileile ya zamani.

Kilichonitesa zaidi ni swali la daktari mpya: "Ile dawa nyekundu ulipata kiasi gani?" Alimaanisha doksorubisini, ile inayogeuza mkojo mwekundu. Moyo una kikomo cha dawa hiyo, na kikomo chenyewe ni cha maisha. Iliyoingia miaka 9 nyuma bado inahesabiwa. Sikuwa na jibu, na hospitali ya zamani haikuliona faili langu.

Sasa nina karatasi moja: majina ya dawa, jumla ya dozi, mionzi ilipigwa wapi, tarehe. (Nakala anayo dada yangu, ambaye hajui kutupa kitu.) Ukiwa ulipigwa mionzi shingoni au kifuani, omba kipimo cha damu cha thairoidi, tezi ya homoni iliyo mbele ya shingo, kila mwaka, wanawake waulize lini waanze kuchunguzwa matiti, maana kwao huanza mapema.

Skani za kila mara siziombi. Asiye na dalili hazimsaidii sana, zinamwongezea mionzi na kukosa usingizi akisubiri majibu. Mara moja kwa mwaka napapaswa shingo, kwapa na kinena, napimwa damu, basi. Miadi ijayo ni Jumanne; dada ameshanikumbusha mara mbili.