Maji yameshuka na daraja halina ufa. Malori yapite?

SWALI: Mhandisi, masika haya maji yalipita juu ya daraja letu dogo la zege siku mbili mfululizo. Sasa yameshuka na nguzo hazina ufa hata mmoja. Fundi wetu amepitisha tipa lililojaa mchanga, daraja halikutikisika, akatangaza kuwa ni zima. Tuwaruhusu wenye malori ya tumbaku? – Mwenyekiti wa kijiji, Kaliua.

JIBU: Mwenyekiti, malori yasubiri. Na huyo fundi arudi kwenye kupiga lipu.

Kila masika yakiisha naletewa swali hili, na kila mara neno ni lile lile: ufa. Watu wanainama chini ya daraja wakikagua zege kama mnunuzi wa chungu sokoni. Lakini mafuriko hayana ugomvi na zege. Yanachukua udongo ulioshika msingi. Maji yakigonga nguzo huzama mbele yake, huzunguka pembeni na kufukua. Shimo hufikia kina chake kikubwa mto ukiwa umefura, saa ambayo hakuna anayethubutu kusogea. Mto ukipungua, mchanga mpya hulifukia. Wewe unafika jua likiwaka, unaona chini kumetulia, tambarare, hata watoto wanacheza. Mchanga ule umelala tu pale, haujashika kitu.

Sasa tipa limepima nini? Sitaha, yaani sakafu ya juu ya daraja, siku ya jua. Daraja la Schoharie Creek, New York, lilivuka salama mafuriko makubwa ya 1955, likabeba magari miaka zaidi ya 30, kisha tarehe 5 Aprili 1987 likaanguka katika mafuriko madogo kuliko yale. Watu 10 walikufa. Mawe yaliyokinga misingi yake yalikuwa yameondoka kidogo kidogo, na malori yaliyopita juu kila siku hayakumwambia mtu.

Tafuta nondo ya milimita 16, ndefu mara mbili ya kimo chako. Ichome kwenye kitako cha nguzo, kwanza upande maji yanakotoka, halafu pembeni. Ikizama kwa nguvu ya mkono kama kwenye uji, endelea hadi igote kwenye kigumu, kisha pima. Kigumu kikiwa chini ya kitako cha msingi, au karibu nacho, nguzo imesimama juu ya uji. Kina cha msingi kiko kwenye michoro. Kama barabara ni ya wilaya, iko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini: andika barua, usiishie kwenye simu, mhandisi aje na michoro. Gonga pia barabara nyuma ya kuta za mwisho za daraja. Ikilia kama debe tupu, moramu imenyonywa, na gurudumu litatumbukia hapo kabla hata ya kufika darajani.

Msidhani udogo wa daraja unapunguza hasara. Machi 2020 barabara ya Morogoro–Dodoma ilikatika kwenye daraja la Kiyegeya, Gairo, na mabasi ya huku kwetu yakalala njiani.

Najua fundi atakachopendekeza baadaye: mmwage mawe kuzunguka nguzo. Hapo ndipo hasira hunipanda. Mawe ya ovyo huziba njia, maji yaliyobanwa hukimbia zaidi, na kasi ikiongezeka maradufu, uzito wa jiwe yanaloweza kulisukuma hupanda hadi mara 64. Mawe ya kinga huchaguliwa kwa hesabu na kupangwa. Hayamwagwi kama kifusi.

Kuna jambo hukuuliza. Ureno, Machi 2001, daraja la mto Douro liliporomoka na watu 59 wakafa. Miaka ya kuchota mchanga mtoni ilikuwa imeshusha sakafu ya mto hadi misingi ikabaki wazi. Huku kwetu nimeona matipa yakijaza mchanga hatua chache tu kutoka kwenye nguzo, mchana kweupe, kwa kibali cha kijiji.

Hilo tipa la fundi wako, Mwenyekiti, mchanga wake lilichota wapi?