Masharti yakazwe, lakini Kalambay aingie

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki lilitutaka tutaje mabingwa wa ndondi ambao wangebaki iwapo jumba la heshima lililoko Canastota, Marekani, lingewekewa masharti makali zaidi. Kwa Muhammad Ali, Joe Louis na Sugar Ray Robinson hakuna la kujadili; mimi, mkazi wa Lubumbashi, naomba kumzungumzia bondia aliyeachwa nje, Sumbu Kalambay.

Masharti yakazwe, naam. Arturo Gatti, aliyeingizwa mwaka 2013, alikuwa jasiri kupita kiasi, lakini mbele ya Oscar De La Hoya na Floyd Mayweather hakufua dafu. Ingemar Johansson wa Sweden alimwangusha Floyd Patterson mwaka 1959, kisha akapigwa naye mara mbili. Hao ningewatoa.

Kalambay alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1956, akajijengea jina Italia. Kwetu Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi, kanda ya video ya pambano lake na Mike McCallum, lililofanyika Pesaro tarehe 5 Machi 1988, ilipita nyumba kwa nyumba mpaka picha ikaanza kufifia. Niliitazama kwa mjomba, tukiwa na mzee mmoja aliyewahi kuwafundisha vijana ngumi, naye alituamuru tuache mikono tutazame miguu. McCallum alikuwa hajapoteza pambano hata moja, na sifa yake ilikuwa kuwamaliza watu kwa ngumi za mbavu na ini. Kalambay hakumpa mbavu hizo: alimtangulia kwa ngumi ya kushoto iliyonyooka, akasogea nusu hatua pembeni kabla jibu halijafika, kisha akarudi palepale kana kwamba hakuwahi kuondoka. Kila mara mzee alirudisha kanda nyuma ili tuone mguu ulivyogeuka, hata raundi 12 zikatuchukua alasiri nzima. Waamuzi wote watatu walimpa Kalambay ushindi.

McCallum yumo Canastota tangu mwaka 2003, Kalambay hayumo. Wengi wanakumbuka Las Vegas tu, Machi 1989, ambako Michael Nunn alimlaza kwa ngumi moja ya kushoto kabla dakika 2 hazijaisha. Ni haki kulitaja pambano hilo, na ni haki pia kusema kwamba McCallum alilipiza kisasi mwaka 1991, ingawa waamuzi waligawanyika. Lakini mtu aliyewashinda Herol Graham, Iran Barkley na McCallum ndani ya mwaka mmoja hawezi kuhukumiwa kwa dakika hizo mbili.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: nani alimshinda nani, huyo aliyeshindwa akiwa katika ubora wake. Sasa, kipimo hicho kinamrudisha Johansson ndani, kwa kuwa Patterson wa mwaka 1959 alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, na Msweden yule alimwangusha mara 7 katika raundi ya 3. Siwezi kumdaia Kalambay haki ambayo namnyima mwingine. Johansson abaki, Kalambay aingie. Gatti peke yake ndiye ninayeendelea kumtoa, tena kwa shingo upande, kwa sababu mapambano yake matatu na Micky Ward sijaona mtu aliyeyatazama akabaki ameketi.