Umri Ulioandikwa Kwenye Boksi

SWALI: Assalaam aleikum. Idi inakaribia, nami nimemwonea mtoto wa kaka yangu, mwenye miezi 18, simu ya kuchezea inayoimba na kuwaka taa, katika duka moja la Ngamiani. Boksi lake lina alama ya uso wa mtoto ndani ya duara jekundu, uliokatwa kwa mstari. Muuzaji anasema hayo ni maandishi tu, hayamhusu mtoto mwerevu, na kweli mtoto wetu ni mwepesi wa kuelewa. Je, ninunue?
Shangazi, Chumbageni, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Simu hiyo usiinunue. Alama uliyoiona, ambayo huandikwa pia tarakimu 0-3, haipimi akili ya mtoto. Inahusu upana wa koo lake na mazoea yake ya kutia kila kitu mdomoni, na inakuarifu kwamba kifaa hicho kina kipande kidogo kinachoweza kumkaba mtoto ambaye hajatimiza miaka 3. Mtoto mwerevu ndiye atakayekuwa wa kwanza kugundua namna ya kukichomoa.

Kinachonitia hofu zaidi ni betri. Vifaa vingi vinavyoimba hutumia betri bapa za mviringo, kama zile za saa, na nimewahi kushika kimoja ambacho kifuniko chake cha nyuma kilifunguka kwa ukucha wa kidole gumba tu, bila skrubu yoyote. Betri yenye upana wa milimita 20 ikikwama katika njia ya chakula ya mtoto, majimaji ya mwilini hupitisha umeme wake, na upande wake hasi huzalisha kemikali ya jamii ya kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, ambayo huweza kuunguza nyama vibaya ndani ya saa 2. Hata betri iliyochoka, isiyoweza tena kuiimbisha simu, huweza kufanya hivyo. Mtoto huenda akatokwa na udenda, akakohoa au akakataa chakula, na watu wa nyumbani wakadhani ni mafua.

Mkishuku tu kwamba amemeza, mkimbizeni Hospitali ya Bombo na mtaje neno betri mara mnapofika mlangoni. Msimtapishe. Ikiwa ametimiza mwaka 1 na anaweza kumeza, apewe vijiko 2 vya chai vya asali kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, lakini safari isicheleweshwe kwa ajili ya kutafuta asali.

Kwa umri wake, kibomba cha katikati ya karatasi ya chooni ni kipimo kizuri cha nyumbani: kitu chochote kinachopita ndani yake hakimfai. Vuta magurudumu, macho na vifungo kwa nguvu zako zote ukiwa bado dukani, na muuzaji akikuzuia, mrudishie bidhaa yake. Puto za sikukuu nazo ziwekwe mbali naye, hasa vipande vya puto lililopasuka, kwa sababu hunata kooni na ni vigumu kuviondoa.

Lakini zawadi zipo tele. Sufuria ndogo na mwiko vitamfurahisha kuliko simu ile, kwa kuwa katika umri huu hupenda kugonga, kujaza na kumwaga. Vilevile unaweza kumshonea mwanasesere wa kipande cha kanga, ukiyatarizi macho kwa uzi badala ya kushona vifungo, na mishono uipitishe mara mbili.

Ikiwa nyumba ina watoto wakubwa wanaocheza gololi au sumaku, wapewe mfuko wa kufungwa na mahali pa juu pa kuutundika. Sumaku 2 zilizomezwa huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa, na mtoto wa miezi 18 hutambaa chini ya kitanda ambako gololi moja ilipotelea tangu juzi. Na zawadi yoyote utakayompelekea siku ya Idi, mfuko wake wa plastiki uondoke nao mkononi.