Kurekodi Simulizi za Wazee kwa Simu: Anza na Sauti, Kamera Ingoje

Watu wengi wakitaka kuhifadhi simulizi ya mzazi au bibi yao huanza kwa kutafuta kamera. Viti vinapangwa, taa zinawashwa, mzee anavalishwa nguo nzuri, halafu anaambiwa, "Haya, tusimulie maisha yako." Anajibu kwa sentensi tatu: nilizaliwa, nikasoma kidogo, nikafanya kazi. Kisha kimya. Si kwamba amesahau. Kamera imemkaba, na swali lenyewe ni pana mno, hajui alishike wapi.

Ndiyo maana tunashauri uanze na sauti peke yake. Simu ilale mezani kama ilivyo siku zote, na mambo yote ya kiufundi yawe juu yako, si juu yake. Video inaweza kuja kikao cha tatu au cha nne, akishazoea na akitaka mwenyewe.

Kabla ya kubonyeza chochote, muulize mambo matatu: nani asikilize haya sasa, nani asikilize baada yake, na yapi yasitoke kabisa. Majibu yake yawe ndio mwanzo wa rekodi ya kwanza, pamoja na tarehe na majina yenu. Kila kikao kikiisha, muulize kama kuna alilosema ambalo angependa lifutwe. Likiwepo, lifute mbele yake, na usisahau kwamba simu nyingi huweka faili zilizofutwa kwenye pipa la taka kwa wiki kadhaa, na huenda nakala nyingine imeshapanda mtandaoni. Mzee akiona umelitimiza hili mara moja, kikao kinachofuata ataongea kwa uhuru zaidi.

Sasa chumba. Sikio huzoea mlio wa friji, feni na saa ya ukutani, maikrofoni haizoei. Zima vinavyozimika na usogee mbali na visivyozimika. Epuka chumba kitupu chenye sakafu ya vigae, kwa sababu mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki kirahisi kwa programu yoyote. Chumba cha kulala chenye kitanda, zulia na mapazia mazito hufaa kuliko sebule kubwa. Tandika kitambaa kilichokunjwa chini ya simu, la sivyo kila kidole kinachogonga meza kitasikika kama nyundo.

Maikrofoni kuu ya simu nyingi iko chini, karibu na tundu la chaji. Upande huo umwelekee mzee, sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isipige moja kwa moja. Umbali huu si jambo dogo. Ukiuongeza mara mbili, sauti yake hupungua kwa takribani desibeli 6 ilhali mwangwi wa chumba unabaki palepale. Kama una maiki ya kubana kwenye nguo, ibane kifuani, kiasi cha shibiri moja chini ya kidevu, mbali na mtandio na mkufu.

Weka simu kwenye hali ya ndegeni, maana kwenye simu nyingi, simu ikipigwa katikati ya mazungumzo hukata rekodi. Ichaji mapema badala ya kurekodi ikiwa kwenye umeme, kwa sababu baadhi ya chaja huingiza mvumo. Angalia na nafasi: faili ya WAV (sauti isiyobanwa) ya kawaida yenye chaneli moja hula karibu MB 300 kwa saa, na M4A (sauti iliyobanwa) ya kilobiti 128 kwa sekunde karibu MB 60. Nafasi ikiwa finyu, M4A inatosha kabisa kwa mazungumzo. Kisha rekodi dakika moja ya majaribio na uisikilize kwa spika za masikioni kabla ya kuanza. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo ingewaokoa.

Kwa mzee aliye mbali, ujumbe wa sauti kwenye programu ya mazungumzo unafaa sana: unamtumia swali moja asubuhi, anajibu muda anaotaka. Lakini jibu likifika, lihamishe siku hiyohiyo kwenye folda yake. Likibaki kwenye gumzo litafukiwa na salamu na picha, na simu ikiharibika limekwenda nayo.

Kikao kisizidi dakika 40 hadi 60, na kifanyike saa ambazo mzee huwa na nguvu. Hakikisha amevaa miwani yake, na betri ya kifaa chake cha kusikia ni nzima. Usikivu wa uzeeni huanza kupotea kwenye sauti nyembamba, zile za s, f na sh, kwa hiyo kupiga kelele hakusaidii. Kunakuza tu irabu ambazo tayari anazisikia. Kaa mkabala naye, mwanga uwe usoni pako, sema polepole kwa sauti nzito kidogo na iliyo wazi.

Kwenye maswali ndipo kazi ilipo. Wanasaikolojia wamebaini kwamba watu waliovuka miaka 60 hukumbuka zaidi na kwa uwazi zaidi mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi. Anzia hapo, na anzia mahali badala ya tukio: "Nyumba mliyoishi ulipokuwa na miaka kumi, ukiingia mlangoni ulikuwa unaona nini kwanza?" Akijibu, mpeleke chumba cha pili: nani alilala hapo, mlango ulifungwa kwa kitu gani, usiku palisikika nini. Ukishazunguka nyumba nzima namna hii watu wameshaanza kuingia wenyewe, na kila mtu ana habari yake.

Akinyamaza, subiri sekunde nane au kumi. Mara nyingi sentensi nzito kuliko zote huja baada ya kimya, na msaidizi mwenye haraka huiua kwa swali jipya. Hata hivyo usikae kama gogo: mzungumzaji asiyesikia "enhe" hudhani hasikilizwi. Itikia kwa kichwa na macho, na "enhe" yako ingoje amalize neno.

Akikosea mwaka au jina, usimsahihishe. Andika pembeni, uthibitishe baadaye. Akirudia hadithi ileile, mwache pia. Mwaka 1963 Robert Butler, daktari wa akili wa Marekani, alieleza kwamba kuyapitia maisha upya uzeeni ni jambo la kawaida na lina kazi yake, wakati wengi walilichukulia kuwa dalili ya akili kuchoka. Kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, achana kabisa na "unakumbuka?", maana ni mtihani atakaoufeli. Mpe picha au kitu cha kushika, halafu fuata anakokwenda. Idhini yake iombwe upya kila mara. Na akilia, usikimbilie kuzima. Muulize kwa upole kama apumzike au aendelee, na jibu liwe lake.

Picha za zamani hufungua midomo, ila zina mtego. Mzee anaelekeza kidole na kusema "huyu hapa ni shemeji, huyu nyuma ndiye aliyefariki", na miaka mitano baadaye hakuna ajuaye "huyu" ni yupi. Zipe picha namba kwanza, kwa penseli laini nyuma yake, kamwe si kalamu ya wino. Kisha wewe utamke kwenye rekodi: "Picha namba 14, wa pili kutoka kushoto." Kwenye skana, picha ya sentimita 10 kwa 15 itoshelezwe na dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi). Ukitumia simu, itoe kwenye plastiki, iweke karibu na dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja, zima flashi na simu iwe sambamba na picha.

Wapo wazee watakaotaka kujirekodi wenyewe. Wakuzie maandishi, kisha tazama vidole. Kioo cha simu hutambua kidole kwa sababu mwili hupitisha umeme, na ngozi kavu ya uzeeni huupitisha vibaya. Mzee anabonyeza, hakuna kitu. Anabonyeza kwa nguvu na kushikilia, simu inafungua menyu ngeni, naye anahitimisha kwamba yeye ndiye hajui. Kalamu ya kioo yenye ncha ya mpira humaliza tatizo hilo, na kwenye mipangilio ya ufikivu unaweza kurefusha muda wa kugusa na kushikilia. Mfundishe kitendo kimoja tu: bonyeza duara jekundu, ongea, bonyeza tena.

Siku hiyohiyo ipe faili jina linaloanza na mwaka, mfano 2025-03-14_kikao02_shule, ili zijipange zenyewe. Weka nakala tatu kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Flashi ya kompyuta peke yake si hifadhi. Kunakili neno kwa neno saa moja ya sauti huchukua saa nne au zaidi, na wengi huishia njiani. Afadhali uandike mstari mmoja kwa kila dakika tano, na muda wake pembeni.

Kabla ya kuwagawia jamaa, mrudishie mzee mwenyewe. Msikilizishe dakika kumi za rekodi, na kinasa sauti kingine kiwe kinafanya kazi pembeni, kwa sababu akijisikia hukatiza na kusema, "Hapo kuna kitu sikukisema."